Vitamini D: Kusoma Majibu ya Kipimo na Kuelewa Jinsi Mwili Unavyopokea Vidonge

Mlaji akitoka maabara na karatasi iliyoandikwa "vitamini D: 18, upungufu", hatua yake inayofuata aghalabu huwa ni duka la dawa. Huko hukuta chupa za nguvu mbalimbali, kuanzia vidonge vya IU 400 hadi vya IU 50,000, na bei zake hutofautiana vivyo hivyo. Si rahisi kwake kujua kama namba aliyopewa ni ya kutisha, kama vidonge vinahitajika kweli, na kama vinahitajika, ni vya nguvu gani na kwa muda gani. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mlaji huyo. Haichukui nafasi ya daktari. Inamwezesha mlaji kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutoa fedha yake.

Jambo kuu tunalotaka lieleweke ni hili: kiwango cha vitamini D katika damu hupanda polepole, hupanda kwa kiasi kinachotofautiana baina ya mtu na mtu, na kikifika mahali fulani husimama. Anayelijua hilo hatarudia kipimo mapema mno, hatazidisha dozi kwa pupa, wala hatatumia fedha kufukuzia namba ambayo mwili wake hauihitaji.

Kinachopimwa katika damu

Vitamini D huingia mwilini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ngozi: miale ya jua iitwayo urujuanimno inapoipiga ngozi, aina ya mafuta iliyomo humo hugeuka na hatimaye kuwa vitamini D. Njia ya pili ni mdomo: samaki wenye mafuta kama vibua, kiini cha yai, maini, mafuta ya ini la samaki, pamoja na vidonge na matone yauzwayo madukani.

Iwe imetoka juani au dukani, vitamini hiyo haianzi kazi papo hapo. Kwanza hupelekwa kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa umbo la akiba linalozunguka katika damu. Kisha figo huchukua sehemu ndogo ya akiba hiyo na kuifanya umbo tendaji, ambalo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula. Akiba ikipungua sana, kalsiamu nayo hupungua, na mwili hulazimika kuikopa kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana upungufu mkubwa huleta matege kwa watoto, na kwa watu wazima huleta mifupa laini, maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli.

Kipimo kinachofaa, basi, ni kile kinachopima akiba. Katika fomu za maabara huandikwa 25(OH)D, yaani 25-haidroksi vitamini D. Kipo kipimo kingine, cha umbo tendaji, kinachoandikwa 1,25(OH)2D. Hicho hutumiwa na madaktari katika matatizo maalumu, hasa ya figo, wala hakifai kutafutia upungufu. Akiba inapopungua, mwili hujitahidi kutengeneza umbo tendaji kwa wingi zaidi, hata majibu yakaonekana mazuri ilhali ghala linakaribia kuwa tupu. Uliza ni kipimo kipi unachouziwa kabla hujakilipia. Aidha, kama unatumia vidonge vya bayotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, mweleze mhudumu wa maabara, kwani bayotini huweza kupotosha majibu ya baadhi ya mashine.

Namba moja, vizio viwili

Maabara nyingine huandika majibu kwa nanogramu katika mililita moja (ng/mL), nyingine kwa nanomoli katika lita moja (nmol/L). Kubadilisha ni rahisi: zidisha ng/mL mara 2.5 upate nmol/L. Majibu ya 18 ng/mL na majibu ya 45 nmol/L ni kitu kilekile. Jirani wawili wakilinganisha karatasi zao bila kutazama kizio, mmoja atajiona mgonjwa na mwingine mzima, kumbe wako sawa.

Je, namba ipi inatosha? Wataalamu hawajaafikiana kwa ukamilifu, na mlaji ana haki ya kulijua hilo. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya Novemba 2010, ilisema kwamba 20 ng/mL huwatosha karibu watu wote, 16 ng/mL hukidhi mahitaji ya nusu yao, na chini ya 12 ng/mL kuna hatari ya upungufu wa kweli. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyo kiliweka lengo la juu zaidi, 30 ng/mL, na maabara nyingi duniani zikaanza kuandika neno "upungufu" au "haitoshi" kwa yeyote aliye chini ya hapo. Mwaka 2024 chama hichohicho kiliacha kuliunga mkono lengo hilo, na kikashauri kwamba watu wazima wenye afya, wasio na sababu mahsusi, wasipimwe kwa desturi tu.

Hivyo mwenye 18 hana jambo la dharura. Yamkini yuko karibu kabisa na kiwango kinachomtosha. Mwenye 8 yuko katika hali nyingine, na anapaswa kumwona daktari. Neno lililochapwa pembeni mwa namba hutegemea mpaka ambao maabara imeamua kuufuata. Kwa hiyo tazama namba na kizio chake kwanza, kisha neno.

Jua letu na maisha yetu

Wengi hushangaa kwamba upungufu unaweza kumpata mtu anayeishi karibu na ikweta. Ni kweli kwamba jua la Afrika Mashariki lina nguvu ya kutosha mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waishio maisha yao ya asili, na wastani wao ulikuwa 115 nmol/L, yaani 46 ng/mL, bila kidonge chochote. Lakini jua hilo halimfikii anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini au kiwandani, na kurejea jioni. Miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, na asubuhi na jioni, vivuli vinapokuwa virefu, huwa hafifu. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile. Ndiyo sababu hata katika nchi za Ghuba zenye jua kali, Oman ikiwa mojawapo, viwango vya chini ni jambo la kawaida: joto huwaweka watu ndani, na mavazi hufunika sehemu kubwa ya ngozi.

Kwa ndugu zetu waishio Ulaya ya kaskazini mambo ni magumu zaidi. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini D ya kutosha. Serikali ya huko hushauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 (IU 400) kwa siku katika miezi hiyo, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Mwili unavyopokea vidonge

Tuchukue mfano wa pipa lenye bomba linaloingiza maji juu na tundu dogo chini. Bomba likifunguliwa, maji hupanda. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyotoka kwa kasi zaidi kupitia lile tundu. Hatimaye yanayoingia hulingana na yanayotoka, na kina husimama ingawa bomba bado liko wazi.

Akiba ya vitamini D huenda kwa namna hiyo. Isipoongezwa, hupungua kwa nusu katika muda wa wiki 2 hadi 3 hivi. Kwa sababu hiyo anayeanza dozi mpya ya kila siku hufikia kina chake kipya baada ya miezi 3 hivi, si baada ya siku chache. Kwa mtu mzima aliyeanzia chini, kila IU 100 za kila siku huongeza takribani 0.7 hadi 1 ng/mL muda huo ukitimia. Mwenye 12 akitumia IU 1,000 kila siku, yamkini atafika kati ya 19 na 22. Aliyeanzia 30 ataongezeka kidogo zaidi ya hapo alipo, kwa dozi ileile, kwa sababu pipa lake lilikuwa limekwisha kujaa zaidi. Wala kuzidisha dozi mara mbili hakuleti ongezeko maradufu.

Hapa ndipo walaji wengi hupotea. Mtu mwenye 12 huanza IU 1,000, na baada ya wiki 2 hurudi maabara. Majibu yanasema 16. Huona kwamba dawa haifanyi kazi, hununua chupa ya IU 5,000, na mwezi unaofuata huongeza tena. Kumbe ile dozi ya kwanza ilikuwa inafanya kazi barabara. Alikuwa bado hajafika nusu ya safari. Kipimo alicholipia hakikumwambia lolote la maana, na chupa ya pili haikuhitajika. Tunashauri kipimo kisirudiwe kabla ya miezi 3 isipokuwa daktari ameagiza, na kirudiwe katika maabara ileile, kwani tofauti ya namba 2 au 3 baina ya maabara mbili huweza kutokana na mashine tu.

Kwa nini watu wawili hutofautiana

Mke na mume wanaweza kutumia kidonge kimoja kila siku, kutoka chupa moja, na wakapata majibu tofauti. Sababu zinazojulikana ni hizi:

Kiwango cha kuanzia. Aliyeanzia chini hupanda kwa kasi zaidi.

Uzito wa mwili. Vitamini D huyeyuka katika mafuta na hutawanyika katika mwili mzima. Mtu mnene sana huhitaji kiasi kikubwa zaidi, wakati mwingine mara 2 hadi 3, ili kupata ongezeko sawa na la mtu mwembamba.

Chakula. Kidonge hufyonzwa vizuri zaidi kikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta kuliko kikimezwa na chai ya rangi asubuhi.

Aina ya vitamini. Zipo D2 na D3. Zote mbili hufanya kazi, lakini D3 hupandisha akiba na kuidumisha vizuri zaidi.

Dawa nyingine. Rifampisini inayotumiwa kutibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa sababu hiyo. Amweleze daktari wake.

Maradhi. Magonjwa ya utumbo huzuia ufyonzwaji, na magonjwa ya ini na figo huvuruga ile mageuzo tuliyoieleza hapo juu.

Hatari ya kuzidisha

Vitamini inayozidi kutoka juani haidhuru, kwa kuwa ngozi yenyewe huivunja ile ya ziada. Kinywa hakina kizuizi kama hicho. Kinachomezwa huingia, na kikizidi huhifadhiwa katika mafuta ya mwili kwa muda mrefu. Kiwango kinapopita 150 ng/mL, kalsiamu katika damu huweza kupanda hadi kudhuru. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, udhaifu na kuchanganyikiwa. Figo huweza kupata mawe au kuharibika. Mwenye kifua kikuu, na mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu za jamii ya thiazaidi, huweza kupatwa na kalsiamu nyingi hata kwa dozi zisizo kubwa mno.

Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kiasi kinachopendekezwa kuwa IU 600 kwa siku hadi umri wa miaka 70, na IU 800 baada ya hapo. Kiasi ambacho mtu mzima asikipite bila usimamizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku. Kwa mtoto mchanga kiasi kinachotosha ni IU 400, na asipite IU 1,000 katika miezi 6 ya kwanza.

Makosa matatu yanastahili kutajwa. La kwanza ni kumeza kila siku vidonge vya IU 50,000, ambavyo madaktari huviandika kimoja kwa wiki na kwa muda maalumu. Anayefanya hivyo humeza IU 350,000 kwa wiki, ilhali mpaka wa mtu mzima kwa wiki ni IU 28,000. La pili ni matone ya watoto. Chupa moja huweza kuwa na IU 400 katika tone 1, nyingine katika mililita 1. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya vipimia matone huruhusu mzazi kumpa mtoto zaidi ya kiasi kinachotakiwa. La tatu ni kujumlisha bila kujua: vidonge vya vitamini mchanganyiko, vidonge vya kalsiamu na mafuta ya samaki, vyote huweza kuwa na vitamini D.

Wala dozi kubwa moja si njia ya mkato. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waligawanywa. Baadhi walipewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini ndio walioanguka na kuvunjika mifupa mara nyingi zaidi.

Ahadi za matangazo

Matangazo husema vitamini D huzuia saratani, maradhi ya moyo na mengineyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL uliwafuatilia watu 25,871 kwa miaka 5 hivi, nusu yao wakitumia IU 2,000 kila siku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha kupungua kwa idadi ya waliopata saratani wala mshtuko wa moyo na kiharusi, na yale ya mwaka 2022 hayakuonyesha kupungua kwa mivunjiko ya mifupa. Watu hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Hivyo utafiti haumkatazi mwenye upungufu kutibiwa. Unachosema ni kwamba aliye na vitamini ya kutosha hanufaiki sana kwa kuongezewa.

Kuhusu matege tunatoa tahadhari ya pekee. Mzazi anayeona miguu ya mtoto ikipinda asiishie kununua matone dukani. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko walipopewa vitamini D pekee. Mtoto huyo apelekwe hospitali mapema, ijulikane anakosa nini.

Wanaopaswa kulifikiria suala hili kwa makini zaidi ni watoto wachanga wanaonyonya na wasiopata jua, wazee wanaoshinda ndani, watu wenye mavazi yanayofunika mwili wote na wasiotoka nje mara kwa mara, wagonjwa wa ini, figo na utumbo, na wanaotumia dawa tulizozitaja.

Kabla ya kulipa

1. Uliza kama kuna sababu ya kupimwa, na kama kipimo ni 25(OH)D.

2. Soma kizio: ng/mL au nmol/L. Weka karatasi, utaihitaji kulinganisha.

3. Soma lebo ya chupa. Mikrogramu 1 ni IU 40. Hivyo mikrogramu 25 ni IU 1,000. Jumlisha vitamini D iliyomo katika vidonge vyote unavyotumia.

4. Hakikisha bidhaa ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na omba risiti.

5. Uliza kama kidonge ni cha kila siku au cha kila wiki, na uandikiwe.

6. Meza pamoja na mlo, kwa dozi uliyoshauriwa, bila kuibadilisha.

7. Kama kipimo kinarudiwa, kirudiwe baada ya miezi 3, katika maabara ileile.

8. Ukipata dalili za kuzidisha, acha vidonge na uende hospitali ukiwa na chupa.

Mlaji tuliyeanza naye, mwenye 18 ng/mL, akifuata utaratibu huu huenda akagundua kwamba anachohitaji ni dozi ndogo ya kila siku, au ni kutoka nje mchana mara nyingi zaidi na kuongeza samaki mezani. Asipoufuata, huenda akarudi na chupa ya IU 50,000 na kumeza kimoja kila asubuhi, akidhani anajitendea wema. Aulize kwanza.